Usukani wa Bibi Shamba

Vijana wa Kizota, nawapenda lakini mnanichosha. Mtu ananunua pikipiki leo, kesho anang'oa usukani uliokuja nayo na kufunga mwingine mrefu, umepanda juu kama pembe za ng'ombe dume, kesho kutwa yuko hapa kwangu analalamika mgongo. Tena anaanza kwa adabu zote, "Shikamoo mzee," sauti laini kabisa. Namuuliza nani kamfungia. "Nimefunga mwenyewe, mzee." Namuuliza, "Ulifunga ukiwa umekaa wapi?" Hapo ananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa ni mimi. Alifunga akiwa amechuchumaa pembeni na spana mkononi, akapima kwa jicho, akaona umependeza, basi.

Mimi nimeshastaafu. Mikono inatetemeka asubuhi, na nyuzi za bolti sizioni tena bila miwani. Lakini mdomo bado mzima, na kwa kuwa kila siku mnapita kwangu kuomba maji ya kunywa, leo mtayalipia kwa kunisikiliza.

Injini haijali wewe ni nani. Tairi halijali. Usukani ndio unaojali. Unataka kujua mikono yako ina urefu gani, mabega yako yamekaaje, na kama ukiwa safarini unajinyoosha au unajikunja. Ukiufunga bila kumpandisha mwenye pikipiki, umefunga bomba tu. Naona mnatabasamu, mnadhani ni jambo dogo. Nitawasimulia jinsi jambo hili dogo lilivyotaka kumnyima mtu kazi, na mimi nikiwa palepale nimeshika spana.

Fundi wangu alikuwa Mzee Idi, Mrangi wa Kondoa, mwembamba, mpole kwa wateja na mkali kwetu sisi. Ukimpa spana isiyo yenyewe hakugombezi. Anaiweka chini taratibu, ananyoosha tena mkono, na kuuacha hapo hewani mpaka aibu ikushike. Alikuwa mtu wa swala tano na mwenye heshima kubwa kwa wake za watu. Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza, kama mtakavyosikia.

Tulipoanza kazi, madukani hakukuwa na kitu. Wazee wakisema hivyo mnadhani wanatia chumvi. Usukani ukivunjika, unatengeneza mwingine kwa bomba la maji. Sasa bomba ukilikunja hivihivi linabonyea katikati kama mrija wa soda. Kwa hiyo tulilijaza mchanga, tukaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti, tukalitia kwenye moto wa mkaa mpaka likawa jekundu, ndipo tukalikunja polepole. Mchanga ndio unaolizuia lisibonyee. Lakini lazima uwe mkavu, mkavu wa kukaangwa kwenye debe.

Asubuhi moja nikaona kukaanga mchanga ni kupoteza muda. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, moja ya zile mvua zetu za kuhesabika, nikachota mchanga korongoni, nikaushindilia, nikaziba, nikaweka motoni. Maji yakichemka ndani ya bomba lililozibwa hayana pa kwenda. Kigingi kilifyatuka kwa mlio wa bunduki, kikavuka njia, kikatua kwenye sufuria la makande la Mama Chausiku, aliyekuwa akiuza chakula ng'ambo yetu. Maharage yaliruka mpaka juu ya bati. Watu wakalala chini. Mama Chausiku peke yake alibaki amesimama, mwiko mkononi, na maneno aliyonipa siwezi kuyarudia mbele ya watoto wa watu. Mzee Idi akavuka njia, akaomba radhi, akarudi, akanipa debe na kunionyesha jiko. Nilikaanga mchanga mpaka jua likazama.

Halafu ikaja ruksa ya kuagiza bidhaa kutoka nje. Maduka ya mjini yakajaa ghafla: redio, vitenge, mafuta ya nywele, na vipuri vya pikipiki kutoka Dubai na Taiwani. Tukaona sukani zilizokunjwa kiwandani, zinang'aa, ukiinama unaona meno yako. Mzee Idi aliushika wa kwanza akaupima uzito mkononi, akaurudisha. "Mwepesi," akasema. Kwake yeye hilo lilikuwa tusi. Baada ya miezi michache na yeye alikuwa anazifunga, kwa sababu wateja walizipenda, na kwa sababu, hili alilisema kwa kunong'ona, alikuwa amechoka moshi wa mkaa.

Lakini ruksa haikuleta vitu vya madukani peke yake. Ilileta pia kupunguza watu kazini. Mjini hapa, ambako kila nyumba ya pili ina mtu anayekwenda ofisini, neno "kupunguzwa" lilitembea kama homa. Mtu ulimwamkia asubuhi akiwa karani, jioni ukamkuta anauza sigara moja moja kwenye kibao.

Ndipo akaja Bibi Shamba.

Jina lake lilikuwa Perpetua, ila hakuna aliyelitumia. Kwao Ihumwa, kazi yake Mlali, kule Kongwa, alikozungukia wakulima wa mahindi na karanga kwa baiskeli miaka na miaka. Alikuwa mama wa makamo, mfupi. Ninaposema mfupi simaanishi mfupi wa kusema. Lakini sauti yake ilikuwa ya watu wawili. Alifika na dereva wa ofisi, na nyuma ya pikapu imelazwa pikipiki ambayo Kizota ilikuwa haijawahi kuiona.

Ilikuwa pikipiki ya safari ndefu, ya wale wazungu wanaovuka nchi na nchi bila kushuka. Tangi kubwa kama tumbo la ng'ombe aliyetoka kunywa maji, masanduku mawili ya bati ubavuni, na usukani ulionyooka, umekaa mbele kule, wa mtu anayefikia dari bila kupanda stuli. Mradi mmoja wa kilimo ulikuwa umeipa ofisi yao.

"Shikamoo, Mzee Idi."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

"Kiti sina muda nacho, mzee. Sikiliza. Eneo letu tuko wawili, mimi na Bwana Shamba Elisante. Sasa anatakiwa abaki mmoja. Mkuu wa ofisi kasema pikipiki ni hii moja, basi abaki yule atakayeweza kuiendesha. Kesho kutwa anatujaribu pale uwanjani, watu wote wakiangalia. Elisante umemwona? Ukimwita kuezeka nyumba hahitaji ngazi. Kuendesha najua, ila mimi nikikaa pale juu, usukani naugusa kwa ncha za vidole. Kwa ncha za vidole, mzee, nitafikaje Mlali?"

"Miguu inafika chini?"

"Wa kushoto unafika. Wa kulia bado tunajadiliana."

Mzee Idi akauliza kama mkuu ameruhusu kubadilisha usukani. Yule mama akasema mkuu kamwambia afanye atakavyo, ili mradi isimlipukie mtu. Kisha akafungua khanga aliyokuwa ameibeba kwapani, ndani mna usukani mpya wa dukani, uliopanda juu na kurudi nyuma, unameta. Na hapo akashusha sauti.

"Mzee wangu, nina watoto wawili sekondari na mama mzazi pale Ihumwa. Nikipunguzwa sina pa kuanzia. Na wale wakulima wangu wamenizoea. Hii kazi naipenda, sitaki kukudanganya."

Sasa, kazi ilitakiwa kuanza kwa kumpandisha. Mzee Idi akanitazama. Mimi nikatazama chini. Lazima muelewe hali ya siku zile. Hapakuwa na mwanamke wa Kizota aliyewahi kutagaa juu ya pikipiki, mguu huku na mguu kule, mbele ya wanaume wa gereji, tena huku fundi amesimama karibu anampima mikono. Kubebwa nyuma, amekaa upande upande, hilo sawa. Lakini hili! Mimi nililelewa kanisani na Mzee Idi msikitini, ila kwa jambo hili tulikuwa dhehebu moja.

"Nipande?" akauliza Bibi Shamba.

"Hapana, mama," Mzee Idi akajibu haraka. "Wewe tutakupima kwa njia nyingine."

Njia yenyewe ndiyo hii. Alimsimamisha kwenye nguzo ya mlango, akapiga alama ya chaki juu ya kichwa chake, akamwambia arudi jioni. Alipoondoka, tukaanza kutafuta mwanamume wa urefu ule ili tumpandishe yeye.

Vijana, mmewahi kumtafuta mwanamume anayekubali kwamba ni mfupi? Mwenye mashine ya kusaga alisimama kwenye nguzo na kujiinua kwa vidole vya miguu, tukamwona, tukamwambia, akanuna. Muuza mkaa akadai sakafu yetu imeinama. Mwingine alituuliza nani katutuma, akatukana, akaenda zake. Tulikuwa tumekata tamaa, ndipo akaja Saidi, fundi cherehani wa kibaraza cha pili, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Akasimama bila kuitwa. Kichwa kikagusa chaki sawasawa.

"Mimi nilishajikubali zamani," akasema. "Nipandisheni."

Tulimfungia usukani vizuri, hilo sitalikana. Zile bolti nne zinazoukamata, hukazi moja ukaimaliza halafu ukaenda nyingine. Unazishikisha zote kwa vidole, unakaza za mbele kidogo, za nyuma kidogo, unarudia, mpaka zishike pamoja. Ukimaliza moja kwanza, usukani unakaa upande, na siku moja kikamatio kinapasuka ukiwa mteremkoni. Tulivuta, tukashusha, tukainua, mpaka Saidi akasema hajawahi kukaa mahali pazuri hivyo maishani mwake. Alikataa kushuka. Alipiga honi mpaka Mama Chausiku akatishia kuja na maji ya moto.

Jioni Bibi Shamba akarudi, amevaa suruali chini ya gauni. Naye kwa staha yake akaisukuma pikipiki mpaka nyuma ya mashine ya kusaga, tusimwone akipanda. Tukasikia injini. Akatokea. Alikuja vizuri, mgongo umeinama mbele kidogo, vumbi nyuma yake, na sisi tukaanza kupeana mikono. Kisha akafika penye kona na kukata kulia.

Ukikata kulia, mkono wa kushoto wa usukani unakwenda mbele. Na mkono wa mpanda pikipiki unaufuata. Wa Bibi Shamba uliufuata, ukaufuata, mpaka urefu ukamwishia, ukauachia. Huo ndio mkono wa klachi. Pikipiki ikabaki na mkono mmoja na akili yake yenyewe, ikaona lundo la pumba nje ya mashine, ikaingia. Pumba ikapanda juu kama moshi. Injini ikazimika humo ndani na kukawa kimya.

Akatoka mweupe kuanzia kope mpaka viatu. Goti tu ndilo lililochubuka.

"Mzee Idi. Mlimpima nani?"

Mzee Idi akaanza kupangusa pumba kwenye tangi.

"Nimeuliza, mlimpima nani?"

"Saidi," nikasema.

Akaenda moja kwa moja mpaka kibarazani kwa Saidi, akamwamuru anyooshe mkono, akaweka wake kando yake. Wa Saidi ulimpita kiganja kizima. Kumbe yule bwana alikuwa mfupi wa miguu tu. Mikono yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Bibi Shamba akakaa kwenye ngazi ya kile kibaraza, na sauti yake ya watu wawili ikawa ya mtu mmoja, tena mdogo. "Miaka yote nimekwenda kwa baiskeli, kwa jua na kwa tope. Sikumwomba mtu lifti. Leo nakosa kazi kwa sababu wanaume wanaona haya kunipima mikono."

Niliumia, wanangu. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na spana zangu. Mzee Idi alisimama muda mrefu akiikagua pikipiki ambayo haikuwa na la kukaguliwa. Kisha akasema, "Kesho asubuhi, mama. Njoo hivyo hivyo ulivyovaa. Utapanda wewe."

Asubuhi ile ndiyo somo kubwa kuliko yote niliyopata kwenye kazi hii, na nililipata katika hali ya kuchekesha mno. Maana Mzee Idi alikuwa ameahidi kumpandisha, lakini hakuahidi kutazama. Alikwenda akasimama ameugeukia ukuta wa mabati, mikono nyuma, kama mtoto aliyeadhibiwa. Kisha akatoa amri kwamba kila mwanamume aliye karibu ageuke. Na watu wakageuka! Saidi akageuka na cherehani yake. Wateja wa Mama Chausiku wakageuka na bakuli zao, wakala uji wakitazama ukuta. Mimi peke yangu niliruhusiwa kutazama, na mimi nilipewa mipaka: kuanzia kiwiko mpaka kucha, si zaidi.

"Mimi sigeuki," Mama Chausiku akasema kutoka ng'ambo. "Mimi mwanamke mwenzake, na nina chapati motoni."

"Umepanda, mama?" Mzee Idi akayauliza mabati.

"Nimepanda."

"Kaa kama utakavyokaa ukienda Mlali. Usikae kama uko kanisani."

"Haya, nimekaa."

"Fumba macho. Nyoosha mikono ushike usukani pale unapodhani upo."

"Nimeshika hewa, mzee."

"Fundi! Ulete usukani kwenye mikono yake. Usiipeleke mikono kwenye usukani."

Nikalegeza bolti, nikauzungusha usukani kuja nyuma, nikauinua kidogo, nikashusha kidogo, mpaka vile viganja vilivyokuwa vinasubiri hewani vikaguswa. Wanangu, sikuwahi kufikiria kazi kwa namna hiyo. Nilikuwa nimezoea mteja ajikunje afuate chuma.

"Kiwiko kimekunjika?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Kama nimepakata mtoto."

"Hapo hapo! Fundi, kaza. Za mbele kwanza."

Tukaja kwenye klachi na breki. Hili mlishike, maana ndilo mnaloniudhi nalo kila siku. Ukiweka vidole juu ya klachi, mkono unyooke kuanzia kiwiko mpaka kucha, mstari mmoja. Mkono ukipinda pale kifundoni, ukifika Mbande, njia ya kwenda Mlali, vidole vimekufa ganzi, na kutoka Mbande safari bado. Nikazigeuza chini mpaka mstari ukanyooka.

"Kata kulia mpaka mwisho. Umeachia?"

"Sijaachia!"

"Kata kushoto. Tumbo linabanwa?"

"Mzee, tumbo langu unalitafutia nini?"

Watu waliogeukia ukuta wakatikisika mabega. "Amekaa vizuri," Mama Chausiku akawatangazia. "Amekaa vizuri kuliko nyie wote mnavyokaga."

Tulidhani tumemaliza. Mzee Idi akasema, "Washa." Injini ikawaka, ikatulia. "Kata kushoto mpaka mwisho." Bibi Shamba akakata, na injini ikapiga kelele yenyewe, ya mtu aliyekanyagwa. Akaunyoosha usukani, ikatulia. Akakata tena, ikalia tena.

"Mama, unavuta mafuta?"

"Sivuti! Mkono wangu umetulia!"

"Waya wa mafuta umekuwa mfupi," mzee akasema, bado uso kwenye mabati. "Usukani umepanda, waya haukupanda. Akikata kona unavutika wenyewe. Fundi, umeupitisha wapi?"

Nilikuwa nimeupitisha mbele ya shingo ya pikipiki, njia ya kuzunguka. Nikaufungua, nikaupitisha nyuma, njia ya mkato, ukapata nafasi. Akakata kushoto, akakata kulia, injini ikaendelea kuunguruma kwa sauti ileile, haina habari. Nawaambia siku zote: ukibadilisha usukani, washa injini, geuza mpaka mwisho pande zote, usikilize. Pikipiki inayoongeza mwendo yenyewe kwenye kona itakupeleka kwa Mungu kabla hujatubu.

Siku ya jaribio nilimsindikiza Mzee Idi mpaka ofisini kwa kina Bibi Shamba na sanduku la spana, endapo pangetokea la kutokea. Ofisi nzima ilikuwa nje. Makarani walijaa barazani, wapishi wa chai walisimama mlangoni. Mkuu, bwana mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, alikuwa amepanga mapipa matupu uwanjani ili wapite katikati yake wakienda na kurudi. Pembeni palikuwa na kitalu cha miche ya miti.

Bibi Shamba akaanza. Alipita pipa la kwanza, akakata kulia, na mkono wa kushoto ukaenda na usukani ukarudi nao. Akapita la pili na la tatu, akageuka kule mwisho kwenye nafasi finyu, akarudi, akasimama mbele ya mkuu, mguu wa kushoto chini. Makarani wakapiga makofi. Mzee Idi hakupiga, lakini niliona midomo yake ikihesabu mapipa, na macho yake hayakuondoka kwa yule mama hata kidogo.

Akaja Elisante. Mtu mwema, nasema kweli, hakuwa na hila. Akakaa, na magoti yake yakapanda mpaka karibu na usukani, ule uliorudi nyuma. Akaondoka vizuri kwenda moja kwa moja. Kwenye pipa la kwanza akakata, usukani ukagonga goti. Akalipanua goti kama panzi. Kwenye pipa la pili akayapanua yote mawili. La tatu lilimshinda: usukani ukakwama kwenye paja, pikipiki ikaendelea na safari iliyokuwa imeianza, na Bwana Shamba akalala taratibu katikati ya miche yake mwenyewe.

Tukamkimbilia. Alikuwa mzima, amekumbatia mche. Mkuu akaja akihema, akautazama usukani mara ya kwanza tangu aanze kusimamia jaribio.

"Hapana," akasema. "Hii si haki. Usukani huu umewekwa kwa ajili ya mtu mmoja. Jaribio hili silihesabu."

Bibi Shamba akateremka kutoka barazani, akasogea mpaka mbele ya mkuu, akainua uso, maana ilibidi ainue sana.

"Mkuu, na ule ulionyooka uliokuja na pikipiki, uliwekwa kwa ajili ya nani?"

Mkuu akautazama tena usukani.

"Maana siku ile nilipokwambia siufikii, hukusema si haki. Ulisema Bibi Shamba ni mfupi."

Mtu mmoja akacheka, na aliyecheka alikuwa Elisante, bado yuko chini, anatoa udongo sikioni. "Mkuu," akasema, "kasema kweli. Nami ule wa kwanza niliujaribu wiki iliyopita, sikuwaambia, mgongo uliniuma siku nzima. Mama kapita mapipa yote. Mimi nimepita mawili. Tusidanganyane." Nilimheshimu tangu siku ile. Baadaye alifungua duka la mbegu na dawa za mifugo pale Mbande, akafanikiwa kuliko sisi wote, lakini saa ile alikuwa hajui hilo, alikuwa anaona tu kazi yake inakwenda, na bado alisema.

Mkuu akazipapasa kalamu zake zote tatu. Mwisho akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, Mlali utakwenda lini?"

"Nimfikishe kwanza mzee wangu Kizota. Nikitoka huko, naondoka."

Wote tukamgeukia Mzee Idi. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akanitazama mimi kana kwamba mimi ningeweza kumwokoa. Makarani wote walikuwa wamejipanga barazani. "Nitatembea," akasema.

"Mzee, panda. Umeutengeneza wewe, ujue unakwendaje."

Akapanda. Alikaa upande upande, miguu yote kushoto, magoti pamoja, kama mabibi harusi wa siku zile, mkono mmoja umeshika kofia na mwingine hauna pa kukaa. Akaushika ukingo wa sanduku la bati, ukamchoma kwa jua, akauachia.

"Nishike mzee, utaanguka," Bibi Shamba akasema.

"Siwezi kukushika, mama."

"Haya."

Akatia gia, wakaondoka. Getini pale kulikuwa na tuta la kupunguzia magari mwendo, na yule mama hakupunguza. Mzee Idi akaruka juu, kofia ikaenda zake, na aliposhuka alikuwa amemkumbatia Bibi Shamba kiunoni kwa mikono yote miwili, macho ameyafumba, na hakuachia mpaka walipopotea barabarani. Nikaiokota kofia, nikabeba sanduku la spana begani, nikatembea mpaka Kizota huku nikicheka peke yangu njia nzima.